Tarumbeta za Nyumba ya Faraja

Kwanza ilisikika tarumbeta. Nilikuwa bado nyuma ya ukuta, sijaona lango wala bango, na tayari ngoma kubwa ilikuwa inanidunda kifuani kwa mdundo ule wa kumtoa bibi harusi ndani. Mama mmoja aliyevaa kanga mpya, kabeba sufuria la pilau lililofunikwa kwa sinia, alinisogelea.

"Samahani, kaka. Bibi harusi ameshatoka?"

"Mama, hapa hakuna harusi," nikamwambia. "Hapa watu wanakufa."

Akatega sikio tena. Tarumbeta ilikuwa inapanda ngazi, inashuka, inapanda tena.

"Mbona wanakufa kwa raha hivi?"

Tulizunguka ukuta hadi langoni. Nilimwonyesha bango: NYUMBA YA FARAJA, TIBA SHUFAA KWA WANAOTUAGA, CHINI YA WIZARA YA MWISHO MWEMA. Akalisoma polepole, akarekebisha sinia juu ya sufuria, akaondoka na pilau yake. Mimi nikaingia, kwa sababu humo ndani alikuwamo shangazi yangu Mkejina, na beni ile ilikuwa inapigwa kwa ajili yake.

Nchi yetu ya Shwari, kwa wasioijua, ni nchi yenye bahati. Zamani tulikuwa na Bunge. Wabunge walijadili, kisha wakapiga makofi. Kiongozi wetu mpendwa, Baba wa Utulivu, akagundua kwamba mjadala ndio unaochelewesha makofi, akauondoa. Siku hizi mtu yeyote akisema neno mbele ya mheshimiwa, neno hilo likapigiwa makofi mara tatu, karani huliandika na linakuwa sheria papo hapo. Ndiyo maana tunayo sheria isemayo kwamba mke wa Waziri wa Maji ana sauti nzuri kuliko kinanda. Tunayo nyingine inayoitangaza Jumanne kuwa siku ndefu kuliko zote. Watu wa Shwari tumezoea. Mheshimiwa akipiga chafya, viganja vyetu vinakutana vyenyewe.

Nyumba za wanaokufa nazo hazikusahauliwa. Kila mwaka Mkaguzi Mkuu, Mheshimiwa Ndimbo, huzunguka nchi nzima kupima ubora wa nyumba hizo. Anavyo vigezo vitatu, na kila kimoja kimetafitiwa ng'ambo. Cha kwanza ni utulivu. Mkaguzi husimama langoni na kusikiliza. Akisikia mtu anaugua kwa maumivu, nyumba hiyo haina ubora. Cha pili ni dawa. Mkaguzi hutazama kabati. Chupa zikiwa zimejaa, nyumba ina dawa, na chupa iliyofunguliwa ni dawa iliyopungua. Cha tatu ni maoni ya waliohudumiwa. Huduma ya nyumba hizi hukamilika mtu anapofariki, kwa hiyo hungojwa mpaka akamilike ndipo aulizwe. Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Wizara inajivunia sana takwimu hiyo.

Nyumba inayoshinda hupewa Taji la Dhahabu, nayo Nyumba ya Faraja ililitaka taji hilo kama mtoto anavyotaka pipi. Kikwazo kilikuwa kimoja, nacho ni shangazi yangu.

Shangazi Mkejina alikuwa mpiga vigelegele. Usicheke, ilikuwa ndiyo kazi yake. Hakuna harusi iliyoitwa harusi katika mtaa wetu bila yeye. Alikuwa akisimama mlangoni, anaweka kiganja juu ya mdomo, na kigelegele chake kinavuka sokoni, kinavuka reli, kinawafikia watu ambao hawakualikwa nao wanakuja. Ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki. Sasa saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa yake, ikamla nyonga na uti wa mgongo, ikaiacha sauti. Akiugua, aliugua kwa sauti ileile. Wagonjwa wengine waliugua kwa adabu, vitandani mwao. Yeye alisikika mpaka barabarani.

Basi uongozi wa Nyumba ya Faraja ukakaa kikao, ukakodi beni ya harusi. Siku niliyofika walikuwa wanafanya mazoezi. Wanaume wenye magwanda mekundu walikuwa wamekizunguka kitanda chake, mashavu yamewavimba, na kila alipofumbua mdomo mpiga ngoma alimwangalia kama mchezaji wa dansi anavyomwangalia mwenzake, kisha akapiga.

"Shomari!" akaniita walipopumzika kutema mate. "Umeona? Mimi niliyetoa mabibi harusi wa mji mzima, leo natolewa mimi."

"Wanakupa dawa, shangazi?"

"Wananipa muziki." Akanishika kidole, akakibana mpaka kikawa cheupe. "Sikiliza, baba. Sitaki kupona. Kupona nimeshawaachia wengine. Nataka kulala tu. Mara moja, kama mtu."

Muuguzi wa wodi, Asteria, alikuwa anakunja shuka kitanda cha pili. Hakuinua macho.

"Mofini ya kutuliza maumivu ipo," alisema. "Kijiko kimoja tu angelala. Kabati lile pale kwenye ukumbi, umepita mbele yake. Ufunguo uko shingoni mwa Mkurugenzi."

Nilirudi ukumbini. Kweli kabati lilikuwapo, la kioo, refu kuliko mimi, limewashiwa taa za rangi kama duka la vito. Chupa zilijipanga ndani, zimejaa mpaka shingoni, hazina hata alama ya kidole. Mbele yake alisimama Mkurugenzi, Daktari Kajiru, anapuliza kioo kwa pumzi na kukifuta kwa leso. Ufunguo ulining'inia kwenye mkufu juu ya tai yake.

"Kijana, unapenda?" aliniuliza.

"Napenda sana, daktari. Naomba kijiko kimoja kwa ajili ya shangazi yangu, kitanda cha dirishani."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeombwa mwezi.

"Nikimpa yeye, chupa itapungua. Ikipungua, Mkaguzi ataona upungufu wa dawa. Akiona upungufu wa dawa, tutashushwa daraja. Tukishushwa daraja, tutakuwa nyumba duni. Sasa wewe, mtoto wa watu, unataka shangazi yako afie kwenye nyumba duni?"

"Nataka asiumie."

"Ubinafsi huo," alisema Daktari Kajiru. "Wagonjwa wote hawa wanaumia kwa ajili ya taji la taifa, wewe unamfikiria mmoja."

Nilikunja ngumi, nikaiweka mfukoni. Kioo kile kingevunjika kwa pigo moja, lakini askari wawili walikuwa wamekaa chini yake wanakula karanga, na bunduki zao zilikuwa magotini.

"Wewe si yule mtunga mashairi?" Kajiru akauliza ghafla. "Yule asiyefundishwa na mtu?"

"Ndiye."

"Safi kabisa." Alinishika bega. "Mkaguzi anakuja kesho. Nataka shairi la sifa. Beti tatu, si zaidi wala si pungufu. Ubeti mmoja, makofi. Wa pili, makofi. Wa tatu, makofi. Unanielewa? Likishapigiwa mara tatu mbele ya mheshimiwa, ubora wetu unakuwa sheria. Hatutakaguliwa tena. Taji linabaki hapa milele."

"Na shangazi yangu?"

"Taji likishatua, nitalifikiria suala lake kwa kina."

Nilikaa kwenye benchi la wageni, nikatunga. Nilivyojifunza kutunga ni mambo yangu mwenyewe. Nilihesabu mizani kwa vidole nikichunga mbuzi wa watu, na hakuna mwalimu wa kumlaumu. Ila nasema hivi: sijawahi kutunga kwa hasira kama siku ile, na hasira ikipata vina inakaa vizuri. Beni ilirudi mazoezini. Chini ya tarumbeta nilikuwa naisikia sauti ya shangazi, inapanda, inafunikwa, inapanda tena. Nikaandika.

Jioni nilimpelekea Kajiru karatasi. Alisoma ubeti wa kwanza, akakuta ameitwa mwerevu, akaona hakuna haja ya kuendelea.

"Una kipaji," alisema, akanirudishia.

Mheshimiwa Ndimbo alifika kesho yake na msafara wa magari, anachechemea. Ana gauti, ugonjwa wa wakubwa wetu wote. Kidole gumba cha mguu wake hakivumilii hata soksi, kwa hiyo kiatu chake cha kushoto hukatwa tundu mbele. Alisimama langoni, akatoa pembe ndefu ya shaba, akaiweka sikioni. Kajiru akainua kidole. Ndani ya wodi beni ikalipuka.

Mkaguzi alisikiliza kwa muda mrefu, macho kayafumba.

"Sisikii hata mmoja anayeugua," alisema. Karani akaandika.

Ukumbini aligonga kabati kwa ukucha. "Zimejaa. Hongereni. Mwaka jana kwingineko nilikuta chupa nusu. Nilipowauliza dawa imekwenda wapi, wakaniambia wamewapa wagonjwa! Hawakuona hata aibu."

"Hakuna nidhamu siku hizi," Kajiru akamwitikia.

Kisha wakaingia wodini. Shangazi alimwona yule mtu mkubwa mwenye suti, akajiinua kwa kiwiko, jasho likimtiririka. Akapiga kelele. Nilikuwa karibu, nilimsikia: "Baba, nihurumie, kabati, mwambie afungue kabati!" Lakini mpuliza tarumbeta alikuwa karibu zaidi.

Mheshimiwa Ndimbo aliutazama ule mdomo uliofunguka, akatabasamu, akamgeukia karani.

"Andika: wagonjwa wanaimba."

Nadhani ni hapo ambapo huruma yangu kwa serikali, iliyokuwa imebaki kidogo, ilikauka.

Viti vilipangwa palepale wodini, kati ya vitanda, ili wanaotuaga wapate fursa ya kushiriki. Wakubwa wakakaa, ndugu wa wagonjwa wakasimama ukutani. Mkaguzi akatangaza Taji la Dhahabu, akalikabidhi, watu wakapiga makofi. Kajiru akanikonyeza. Nikasimama mbele, mgongo umenyooka, nikaanza ubeti wa kwanza kwa sauti aliyonifundisha Shangazi Mkejina, inayotoka tumboni:

*Nyumba hii ni tulivu, haisikiki kilio,*
*Kabati lake angavu, dawa ndiyo kimbilio,*
*Mkurugenzi mwerevu, ajua mafanikio,*
*Mkaguzi msikivu, katega lake sikio.*

Makofi yalishuka kama mvua ya mawe. Kajiru alipiga mpaka mkufu wake ukarukaruka. Nikaendelea:

*Kitu chema hakifai, kuachiwa wanyonge tu,*
*Fukara hawezi dai, neema za nyumba yetu,*
*Wakubwa wakiwa hai, wapewe kwanza wenzetu,*
*Hii ndiyo yangu rai, heshima hii si yetu.*

Makofi tena. Mheshimiwa Ndimbo aliguswa, akamnong'oneza karani kwa sauti ya kusikika na wote: "Kijana ana adabu. Anajua mahali pake." Nikavuta pumzi, nikamtazama Kajiru usoni:

*Basi kuanzia leo, aliyetoa daraja,*
*Na mkuu mwenye cheo, wa nyumba hii pamoja,*
*Pasiwe na pendeleo, walazwe siku si moja,*
*Dawa iwe na komeo, wangoje tunavyongoja.*

Nilikuwa nimejiuliza usiku kucha kama watasikiliza. Nilikuwa nimesahau naishi nchi gani. Viganja vilikutana. Mkaguzi alipiga, Mkurugenzi alipiga, askari waliweka bunduki chini wakapiga, na kutoka kitanda cha dirishani kikatoka kigelegele. Kilikuwa kigelegele halisi, cha zamani, cha kuvuka reli. Shangazi yangu alikuwa ametumia nguvu iliyobaki, na kwa mara ya kwanza tarumbeta haikumfikia.

Kigelegele kilipokwisha, ilisikika kalamu ya karani.

"Kuanzia leo," alikuwa anasoma huku anaandika, kwani alikuwa mtu wa kazi yake, "aliyetoa daraja pamoja na mkuu wa nyumba, walazwe…" Akainua kalamu. Akamtazama Ndimbo. "Mheshimiwa, ni sheria."

"Sheria gani?"

"Uliyoipigia makofi, mheshimiwa."

"Mimi nilikuwa nashangilia vina!"

"Sheria ya Makofi haitofautishi, mheshimiwa. Ulikuwa mwenyekiti wa kamati iliyoitunga."

Kajiru alianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, akakuta Asteria amesimama pale na magauni mawili ya wagonjwa mkononi, yale yanayofungwa kamba nyuma na kuacha makalio wazi.

"Karibu, daktari," alisema Asteria. "Vitanda vipo. Viwili viliachwa wazi leo asubuhi."

Wakalazwa. Waliwekwa pande mbili za shangazi yangu, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi. Ndimbo alitoa mfukoni vidonge vyake vya gauti, Asteria akavipokea kwa mikono miwili, akavipeleka kwenye kabati.

"Unapeleka wapi dawa yangu?"

"Tunaongeza akiba, mheshimiwa. Ubora unapanda."

Saa ya chakula cha mchana kidole cha Mheshimiwa Ndimbo kilikuwa kimevimba kama nyanya, na shuka lilikuwa linakiunguza. Aliuma mto. Akaacha mto, akaugua. Asteria alichungulia dirishani, akawaita wale wa magwanda mekundu.

"Jamani, kuna mgonjwa anataka utulivu."

Beni ikaja ikamzunguka. Sitaficha kwamba niliweka kiti, nikakaa, nikatazama. Mkaguzi Mkuu wa Jamhuri alikuwa anafumbua mdomo mpaka koromeo linaonekana, na hakuna aliyemsikia. Shangazi aligeuza shingo, akamtazama kwa jicho la mtu wa kazi.

"Anaimba," akaniambia. "Andika."

Tukacheka, mimi na yeye, yeye akicheka huku amejishika ubavu kwa uchungu. Ilikuwa mara ya mwisho kwetu kucheka pamoja.

Hatimaye Ndimbo alimng'ang'ania mpiga ngoma mguu, ngoma ikanyamaza, na sauti yake ikatokeza: "Fungueni kabati! Fungueni!"

"Daraja litashuka!" Kajiru akalia kutoka kitanda cha tatu, ameushika ufunguo kwa mikono yote miwili. "Mheshimiwa, taji! Vumilia kwa ajili ya taji!"

"Nalishusha! Mimi ndiye niliyetoa, nalishusha! Nyumba hii ni duni! Ni duni kuliko zote! Karani, andika, halafu mnyang'anyeni huyu ufunguo!"

Askari waliolilinda kabati ndio waliouvuta ufunguo. Mkufu ukakatika. Asteria akafungua kioo kile, nacho kikalia kama mlango wa kitu kipya ambacho hakijawahi kufunguliwa. Akarudi na chupa moja na kijiko.

"Mimi kwanza!" akasema Ndimbo.

"Wangoje tunavyongoja," Asteria akasoma, kwa heshima zote. "Hapa tunakwenda kwa zamu, mheshimiwa. Na huyu bibi alikutangulia."

Shangazi Mkejina alimeza kile kijiko kama anayeonja mchuzi wa mtu mwingine. Tulingoja. Kwanza vidole vyake viliachia shuka. Halafu mabega yakashuka. Halafu paji la uso likafunguka, nikamwona tena yule mwanamke aliyekuwa akisimama mlangoni mwa maharusi. Aliniita karibu.

"Waambie hao wa tarumbeta wanyamaze," alisema. "Nalala."

Akalala, kama mtu. Alilala jioni ile na siku iliyofuata, akiamka kunywa uji na kumtania Ndimbo kuhusu kidole chake, na siku ya pili yake asubuhi hakuamka. Wodi ilikuwa kimya, kimya chenyewe, ambacho hakikukodiwa na mtu.

Wakati tunamzika, Wizara ilikuwa inahangaika. Waziri alikuja na basi zima la watu wa kupiga makofi. Akasimama wodini, akatamka kwamba sheria ile imefutwa, wakapiga mara tatu, ikafutika. Akatamka kwamba taji limerudi, wakapiga, likarudi. Akatamka kwamba mtunga mashairi Shomari haruhusiwi kutunga tena, na atafagia Nyumba ya Faraja maisha yake yote, wakapiga kwa nguvu kuliko zote. Kajiru alivaa suti na mkufu mpya. Jambo la kwanza aliloamuru ni kwamba chupa zilizopungua zijazwe maji mpaka shingoni, ili zipendeze.

Nilikuwa langoni na fagio langu jipya la serikali wakati Mheshimiwa Ndimbo anatoka. Alikuwa ameshameza vidonge vyake, anatabasamu, tundu la kiatu linaangalia mbele. Alisimama kunitazama.

"Umejifunza, kijana?"

"Nimejifunza, mheshimiwa. Nimejifunza kwamba sheria inafutwa kwa makofi."

"Vizuri sana."

"Lakini kidole chako je? Mtakipigia makofi mangapi mpaka kifutike? Na moyo? Na figo?"

Tabasamu lilibaki usoni mwake, bila yeye. Dereva alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Niliegemeza fagio ukutani, nikasogea mpaka nikahisi harufu ya sabuni yake, nikazungumza kwa sauti ile ya Shangazi Mkejina, itokayo tumboni, kusudi Kajiru naye asikie kutoka ukumbini, na Asteria, na wagonjwa wote vitandani mwao.

"Mheshimiwa, mmenipa kazi ya maisha hapa, na ninyi mtazeeka. Nitakitunza kitanda chako. Nitakitandika kila asubuhi, kile cha dirishani, alichofia yeye. Siku utakapoletwa, dawa utapewa, naapa, dawa halisi isiyo maji, nitakunywesha kwa mkono wangu huu, maana shangazi angenigombeza nisipokupa. Lakini kabla ya kijiko cha kwanza, mheshimiwa, utakapoanza kuugua, sitaita beni. Nitafungua madirisha yote ya nyumba hii, na mlango, na lango, nchi nzima ikusikie."